Nani Alikufundisha Kusimama? Hotuba kwa madereva bodaboda, wenye pikipiki na wakufunzi

Ndugu wenyeviti wa vijiwe, ndugu wakufunzi wa udereva, wenye pikipiki, na ninyi madereva mlioacha abiria barabarani asubuhi hii mkaja kukaa hapa: asanteni sana. Najua kila saa mnayokaa kwenye viti hivi ina hesabu ya bosi inayoisubiri jioni. Kwa hiyo niende moja kwa moja.

Nina swali. Nani alikufundisha kuendesha pikipiki?

Nikiwauliza mmoja mmoja, majibu yatafanana. Kaka. Rafiki wa kijiweni. Jioni moja kwenye uwanja wa mpira: hii klachi, hizi gia, hapa mafuta, haya twende. Siku ya tatu mtu ana abiria, siku ya tano ana mishikaki. Sasa nina swali la pili, na hili ndilo lililonileta. Nani alikufundisha kusimama?

Swali hili si la kwetu peke yetu. Miaka ya 1970, kule Los Angeles nchini Marekani, Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikuwa wakisikia kuna ajali ya pikipiki, wanakwenda palepale, wanapima alama za matairi, wanaangalia helmeti, wanazungumza na walionusurika. Walichunguza hivyo ajali zipatazo 900, wakapitia na ripoti za polisi zipatazo 3,600. Taarifa yao ilitoka mwaka 1981. Walikuta nini? Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Asilimia 92! Marekani, nchi ya barabara pana, na jibu lao lilikuwa lilelile la kwenu: kaka na rafiki.

Walikuta jambo jingine. Pikipiki ilipogongana na gari, mara mbili katika tatu mwenye kosa alikuwa dereva wa gari, aliyemkatia njia mwenye pikipiki. Nasikia mnaguna, maana hilo mnalijua. Lakini sikilizeni linalofuata. Tangu hatari ionekane mpaka kugongana, dereva wa pikipiki kwa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde mbili. Na ndani ya muda huo, wengi walifanya kosa lilelile: walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu mpaka tairi likafunga na kuserereka, na ile ya mbele wakaishika kidogo mno.

Ukiwa kwenye spidi 50 unakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka. Iliyobaki ni ya mkono wa kulia, ule unaokamua breki ya mbele. Kama mkono wa kulia haujafundishwa, hautajifunza hapo.

Naomba tukae kidogo kwenye breki hii ya mbele, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapofia. Vijiweni kuna fundisho linalorithishwa: usiguse breki ya mbele, itakupindua. Limetoka wapi? Limetoka kwa mtu aliyeibamiza ghafla, juu ya mchanga, huku usukani umekata kona. Kweli alianguka. Lakini kilichomwangusha ni kuibamiza.

Angalieni kinachotokea. Ukianza kufunga breki, uzito mwingi unakwenda mbele. Shokamzoba za mbele zinabonyea, tairi la mbele linashindiliwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi. Tairi jepesi halina nguvu ya kushika, ndiyo maana la nyuma linaserereka haraka. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, kama asilimia 70, inatoka mbele. Ukibamiza, tairi la mbele linafunga kabla uzito haujalifikia. Ukikamua, uzito unafika kwanza, ndipo unaongeza. Kamua kama unavyokamua chungwa: anza taratibu, halafu zidisha, usiachie mpaka umesimama. Usukani unyooke. Macho yawe mbele, maana ukitazama tairi utaanguka kwenye tairi. Breki ya nyuma ishike kwa wastani, klachi uiminye mwishoni kabisa. Kwenye changarawe na mchanga, punguza spidi mapema, ya mbele iguse kidogo tu, ya nyuma ichukue zaidi.

Ukifanya hivyo kutoka spidi 40 kwenye lami kavu unasimama ndani ya kama mita 10. Kwa breki ya nyuma peke yake utahitaji karibu mara mbili yake. Hizo mita 10 za ziada ndimo alimo mtoto anayevuka barabara.

Na wakufunzi, msimfundishe mtu kukamua breki isiyokuwepo. Pikipiki ngapi vijiweni mkono wa breki ya mbele unagusa usukani bila tairi kushtuka? Kebo imelegea, breki shuu zimekwisha, ndani ya dramu kumejaa vumbi. Kuna waliofungua kebo kabisa. Kabla ya somo, sukuma pikipiki kwa mkono, kamua. Tairi lifunge kabla mkono haujafika nusu ya safari yake. Lisipofunga, kaza nati ya kurekebishia mwisho wa kebo. Ikikazwa mpaka mwisho na bado, shuu zimekwisha, badilisha. Kazi ya nusu saa na spana mbili.

Sasa wenzetu wanafanyaje? Uingereza, tangu mwaka 1990, hakuna anayeanza kupanda pikipiki barabarani bila mafunzo ya lazima wanayoyaita CBT. Yana sehemu tano. Unaanza kwa maelezo na kupimwa macho, unaingia uwanjani, na ya mwisho ni barabarani, isiyopungua saa mbili. Uwanjani mkufunzi mmoja hazidishi wanafunzi wanne. Barabarani hazidishi wawili, na anazungumza nao kwa redio sikioni. Hakuna mtihani wa kufaulu au kufeli: mkufunzi hatii saini mpaka ameridhika. Karatasi hiyo inadumu miaka miwili tu. Anayetaka leseni kamili anakutana na mtihani wa uwanjani ambao ndani yake lazima afike spidi 50, apite kwenye kipimo, na asimame bila kuyumba. Ujerumani nao wanapima breki ya ghafla kwenye spidi 50. Hawaulizi kama unajua sheria ya breki. Wanakutazama ukishika breki.

Marekani, baada ya maumivu hayo niliyowaeleza, kozi ya wanaoanza imeenea: kama saa 15, sehemu kubwa kwenye maegesho yaliyofungwa, pikipiki ndogo za shule, wanafunzi 12 kwa wakufunzi wawili. Maegesho tu, ndugu zangu. Lami, rangi na koni.

Twende Japani, kwa sababu Japani wana kitu ninachokipenda kuliko vyote.

Katika uwanja wa kila shule ya udereva kuna njia nyembamba iliyoinuka, wanaiita ippon-bashi, yaani daraja la gogo moja. Urefu mita 15. Upana sentimita 30, kama urefu wa rula ya shule. Imeinuka sentimita 5 kutoka chini. Unaipanda na pikipiki, unakwenda mpaka mwisho bila kuanguka. Rahisi? Ngojeni. Anayeomba leseni ya pikipiki mpaka cc 400 haruhusiwi kuivuka chini ya sekunde 7. Anayeomba ya kubwa zaidi, chini ya sekunde 10. Mita 15 kwa sekunde 10 ni mwendo wa mtu anayetembea. Ukiwahi mno, wanakukata alama. Ukidondoka kwenye gogo, mtihani umekwisha, urudi siku nyingine.

Kwa nini wanapima upole? Kwa sababu pikipiki ikiwa na spidi inajisimamia yenyewe. Ukitaka kujua kama mtu anaitawala, mwambie aende polepole. Pale juu lazima klachi ishikwe nusu, injini ivute kidogo na ikatike kidogo. Mafuta yawe yaleyale, hayapandi hayashuki. Mguu wa kulia uwe unaigusa breki ya nyuma kwa wepesi. Magoti yabane tangi. Na macho yawe mwisho wa gogo. Mwanafunzi anayetazama gurudumu la mbele anadondoka mita ya nne au ya tano. Akiinua macho, pikipiki inanyooka kana kwamba kuna mtu ameishika.

Sasa niambieni, dereva wa bodaboda anakutana wapi na gogo hili? Kati ya daladala mbili kituoni. Sokoni asubuhi. Kwenye kigongo cha matofali juu ya mtaro wakati wa mvua. Kila siku! Mjapani anafundishwa gogo ambalo pengine hatalikuta tena maishani, na sisi tunalivuka kutwa bila kulifundishwa.

Kuna jambo dogo jingine kule. Kabla hajaendesha, mwanafunzi anaiinua pikipiki iliyolala, peke yake. Anageuza usukani kuelekea upande uliolala, anachuchumaa karibu, anainua kwa miguu na nyonga, mgongo umenyooka. Asiyejua kuiinua anaumia kiuno siku ya kwanza inapomwangukia, na mara nyingi anaiinua kwa papara, inalala upande wa pili.

Nimesikia vijana wengi hapa wakiulizia kazi za nje, kusambaza vyakula na vifurushi kule Ghuba na Ulaya. Nizungumze hilo kwa ufupi, maana kuna watu wanauza ndoto.

Ulaya leseni ni ngazi. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia ngazi moja: A1 ni pikipiki mpaka cc 125 na nguvu ya kilowati 11, kwa kawaida kuanzia miaka 16, A2 ni mpaka kilowati 35, kuanzia miaka 18, A yenyewe, isiyo na mpaka, ni baada ya miaka miwili ya A2, au miaka 24 kwa anayetaka kuruka ngazi. Uingereza ni 17, 19, kisha 21 au 24. Mnaona maana yake? Pikipiki ya cc 150 unayoishika hapa kila siku, kule haimo kwenye ngazi ya kwanza. Nguvu yake haifiki kilowati 11, lakini cc zimezidi 125. Usimwambie mwajiri umezoea “ndogo”.

Leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi Uingereza kwa kaunta. Mkaaji mgeni anaitumia miezi 12, baada ya hapo anaanza na leseni ya kujifunzia kama kijana wa pale. Ujerumani ni miezi sita, kisha mtihani wa nadharia na wa vitendo. Mjerumani anayeanza analazimishwa masomo maalumu 12 ya dakika 45: matano ya barabara za nje ya mji, manne ya barabara kuu ya kasi, matatu ya usiku. Mwenye leseni ya nje hawekewi idadi, lakini mtihani ni uleule. Nani kati yetu amewahi kufundishwa kuendesha usiku? Wakati hesabu nzuri ni ya usiku!

Ghuba kuna joto, kuna barabara za spidi, na wanaendesha mkono wa kulia. Mkono wa kulia hamhitaji kupanda ndege kuujua. Anayevuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda anahama kutoka kushoto kwenda kulia. Madereva wa malori watawaambia kosa halitokei darajani, pale kila mtu yuko macho. Linatokea asubuhi ya pili, unapotoka kwenye nyumba ya wageni au sheli, barabara tupu, hakuna gari la kufuata. Mwili unarudi kushoto wenyewe. Dawa yake: kabla hujaachia klachi, taja kwa sauti upande wako.

Na gia. Kuna pikipiki za kazi hapa kwetu ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele. Kwingi duniani namba moja iko chini na nyingine zote zinapandishwa juu. Aliyezoea hizi za kwetu, akitaka kuongeza gia kwenye pikipiki ya mtihani, anakanyaga, inashuka, tairi la nyuma linafunga. Tafuta pikipiki ya aina hiyo ufanye mazoezi wiki nzima kabla ya kulipia chochote.

Nimefika kwenye jambo ambalo nchi zote hizo hazitatusaidia. Abiria.

Uingereza anayejifunza, mwenye kibao cha herufi L, haruhusiwi abiria hata mmoja. Japani, baada ya kupata leseni, mwaka mzima bila abiria. Barabara kuu za kasi, miaka mitatu. Kwao abiria ni shahada ya juu. Kwetu abiria ndiyo kazi yenyewe, tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo tukinakili mtaala wa nje ulivyo, tutaacha nje lile linalotulisha. Somo la abiria itabidi tuliandike sisi. Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, sisi ndio tunaolijua.

Tuanze na uzito. Pikipiki kilo 118, dereva kilo 65, abiria kilo 70: umeongeza zaidi ya theluthi moja, na umeiweka nyuma. Shokamzoba za nyuma zinazama, usukani unakuwa mwepesi, taa inainuka inawachoma wanaokuja mbele. Upepo wa tairi la nyuma unatakiwa uzidi. Pikipiki nyingi za cc 125 mpaka 150 zimeandikwa psi 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Soma kibandiko cha pikipiki yako. Fundi wa pancha anayejaza kwa kubonyeza kidole hajui psi.

Abiria naye afundishwe, sekunde kumi zinatosha. Apande ukimwambia, umesimamisha miguu yote miwili na kushika breki ya mbele. Apandie kushoto, maana eksozi nyingi ziko kulia na zinababua. Miguu isitoke kwenye vikanyagio hata mkisimama. Kwenye kona atazame bega lako la upande mnaokata. Mama aliyevaa dera na kukaa upande uzito wake hauko katikati: kona iwe pana, usigeuze pikipiki kwenye njia nyembamba, na breki ianze mapema kuliko kawaida, kwa sababu hana pa kujizuia isipokuwa mgongo wako. Na pindo la dera lipigwe fundo kabla ya kuondoka. Likiingia kwenye cheni halina mjadala.

Helmeti ya abiria nayo ni sehemu ya somo. Vietnam, nchi iliyojaa pikipiki kuliko yetu, tarehe 15 Desemba 2007 ilianza kulazimisha kila mtu avae, dereva na abiria, barabara zote. Asubuhi hiyo miji ilibadilika sura, kwa sababu adhabu ilikuwa ya kweli na polisi walikuwa barabarani. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe imefungwa! Vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Kisha ishike kwa nyuma uisukume kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, hiyo ni ndoo. Abiria wanaikataa kwa harufu: nunua vikofia vya kitambaa chepesi, fua kila siku.

Wakufunzi, andikeni haya sasa. Uwanja wa mita 60 kwa 25, penye lami au udongo mgumu usio na changarawe. Koni 12, hata makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga. Mfuko wa chokaa. Tepu ya mita 30.

Kwanza gogo: mistari miwili ya chokaa, mita 15, upana sentimita 30, sekunde 7 kwenda juu, mara kumi kila mtu. Pembeni yake panga koni tano kwa mstari, mita 4.5 kati ya moja na nyingine, apite kwa kuzungusha. Kisha mistari miwili iliyoachana mita 7.5, ageuze pikipiki ndani yake bila kushusha mguu. Hicho ndicho kipimo cha Uingereza. Atakayeshindwa, mara nyingi ametazama mstari badala ya kule anakokwenda.

Breki iwe ya mwisho, na iwe na muda mrefu kuliko vyote. Koni mbili ni lango. Breki hazishikwi kabla ya lango. Spidi 20 mara tano, 30 mara tano, 40 mara tano. Asiyesimama wima kwenye 20 haendi 30. Pima kwa tepu, andika, msomee. Kisha rudia spidi 20 na 30 akiwa na abiria. Abiria huyo awe mkufunzi. Hapo utajua kama umemfundisha.

Siku mbili zinatosha kwa anayeendesha tayari. Anayeanza kabisa, msimpe chini ya tano.

Nafahamu kinachozuia. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba akikaa uwanjani siku mbili, jioni bosi anataka hesabu yake. Wenye pikipiki mliopo hapa, ombi langu liko mezani kwenu: sameheni hesabu ya siku mbili, kwa dereva mmoja, mara moja. Piga hesabu ya taa, usukani, rimu na siku ambazo pikipiki inalala gereji au kituo cha polisi baada ya ajali moja, kisha ulinganishe. Na mwandike kwenye mkataba kwamba asiyepita uwanjani hapewi ufunguo.

Chokaa imeshapigwa hapo nje nyuma ya jengo. Anayetaka kuanza na gogo aje na helmeti yake, na tukague breki yake ya mbele kwanza.